Namna ya Kumfundisha Senta Kazi ya Pointi Gadi na Kushuka Daraja kwa Heshima

Katika BuzzerBeater, mchezo wa intaneti ambao kila mtu anakabidhiwa timu yake ya kubuni ya mpira wa kikapu, kuna mameneja wa aina mbili: wanaotaka kombe na wanaotaka kulea. Mwongozo huu ni wa walezi. Wenye kutaka kombe wanunue wachezaji waliokwisha kuiva, watuache na watoto wetu.

Anza kwa kutafuta kijana wa miaka 18 au 19. Samaki hukunjwa angali mbichi, na humu hukauka upesi: umri ukipanda, mazoezi yanamwingia kwa shida. Kabla hujampenda, soma kikomo cha kipaji chake, maana kila mchezaji amepangiwa upeo wake tangu siku anayofika. Wapo waliopangiwa unyota, wapo wa kupasha benchi joto, na chini kabisa yupo aliyepangiwa kuwa mtangazaji. Si mzaha wangu, waliotengeneza mchezo ndivyo walivyoandika. Huyo usimpotezee muda. Mwache azoee kipaza sauti.

Tuseme umempata senta wa sentimita 213. Anadaka ribaundi, anazuia mitupo, ila pasi zake zinaokotwa na watazamaji wa safu ya tatu. Meneja mwenye akili timamu angemwacha chini ya kikapu na kumwomba asiguse mpira muda mrefu. Wewe utampanga pointi gadi, kwenye kazi ya kugawa mipira.

Si wazimu, ni kanuni. Kila wiki unachagua zoezi moja tu, na zoezi hilo linamfaa aliyecheza katika nafasi yake. Ukichagua pasi kwa pointi gadi tu, anayefaidi ni aliyesimama pointi gadi; waliobaki wametoa jasho la bure. Ili avune zoezi zima anahitaji dakika 48 katika nafasi hiyo, na dakika ya 49 haimwongezei kitu. Mechi za wiki ni tatu, kwa hiyo nafasi moja inakupa wanafunzi watatu, wakipokezana mechi kwa mechi. Hiyo ndiyo zamu, na kuanzia hapo wewe si kocha tena. Wewe ni karani wa dakika.

Kazi ya ukarani ina ufundi wake. Kwenye fomu ya kikosi, andika jina la mwanafunzi kama mwanzaji, kisha kama mbadala wake, kisha kama akiba ya mbadala. Akichoka, aingie yeye mwenyewe kujipokea. Adui yako mkubwa si timu pinzani, ni faulo. Kijana akitolewa dakika ya 41, umebaki na deni la dakika saba, na utalilipa kwa kumchomeka katika mechi ya mwenzake, ambaye naye sasa amepungukiwa dakika saba. Kuna mameneja wanaofika katikati ya msimu wakiwa na madaftari mengi ya madeni kuliko mwenye duka la mtaani.

Wala usidhani ukimaliza 48 umemaliza. Mchezaji anayecheza dakika chache mno kwa wiki anapoteza utimamu wa mwili, na anayetumikishwa kupita kiasi anaupoteza vilevile. Kwa hiyo senta wako, baada ya kuzubaa mechi nzima kama pointi gadi, anahitaji dakika chache za ziada kwenye mechi nyingine, katika nafasi yake halisi. Hizo ndizo dakika utakazoona timu yako ikicheza mpira wa kikapu. Zifurahie.

Utapoteza mechi. Mashabiki watanuna, tiketi zitabaki dirishani. Ukihojiwa, mtaje Nikola Jokić, senta wa Denver Nuggets mwenye urefu wa sentimita 211, anayetoa pasi nzuri kuliko pointi gadi wengi na aliyeipa timu yake ubingwa wa NBA mwaka 2023. Usitaje kwamba Jokić hakufunzwa kwa kufungwa pointi 40 kila Jumamosi. Usitaje pia kwamba katika mchezo huu warefu hujifunza ujuzi wa nje polepole kuliko wafupi. Hilo ni jambo la ndani ya familia.

Ijumaa mazoezi yanahesabiwa. Amka mapema, fungua ukurasa, tazama kama pasi imepanda ngazi. Haijapanda. Ndani yake kuna vipande vya ngazi vinavyojumlishwa kimyakimya bila kuonyeshwa, kwa hiyo huwezi kujua kama amebakiza kidogo au ndiyo kwanza ameanza. Rudia wiki ijayo. Ukiona jirani yako amepandisha mwanafunzi wake mara mbili mfululizo, mpongeze, kisha ukachunguze umri wa kijana huyo na daraja la mkufunzi aliyemwajiri. Utajisikia vizuri au vibaya sana.

Faida ya mateso haya iko kwenye mshahara. Mshahara hupangwa upya msimu unapoisha, na senta anayeongezewa nguvu za chini ya kikapu tu hugharimu fedha za kutisha. Lakini pasi, kupiga chenga na ulinzi wa nje havimpandishi sana bei akihesabiwa kama senta. Ni ujuzi wa karibu bure, na ndiyo maana umekubali kufungwa misimu mizima.

Siku ikifika, senta wako amekamilika: anadaka, anazuia, anatoa pasi ya mgongoni. Wewe upo daraja la chini, mapato ya uwanja hayafiki hata mshahara wake uliopoa. Mpeleke mnadani. Bei itakuwa nzuri, na atachukuliwa na mmoja wa wale wanaotaka kombe, aliyeko madaraja mawili juu yako. Usihofu kukutana naye uwanjani. Mnunuzi atamwandika jina mara moja tu, kwenye nafasi ya senta.