Fadhila za Unyevu katika Nyumba Kuukuu za Kampala

Ikiwa Lucian wa Samosata aliona yafaa kumsifu nzi, na Erasmus wa Rotterdam akatoa kitabu kizima cha kuusifu upumbavu mwaka 1511, wala wawili hao hawakufukuzwa katika baraza la wenye akili, sioni kwa nini mimi, mpangaji wa Kampala ya Zamani nilalaye chini ya vigae vilivyoletwa kutoka Mangalore kabla baba yangu hajaoa, nisithubutu kuandika maneno machache ya kuusifu unyevu, ambao nyumba kuukuu za mji huu zimeukirimu kwa miaka mingi bila kushukuriwa na mtu yeyote ila mafundi.

Desturi ya wenye kusifu tangu zama za kale ni kuanza na nasaba ya msifiwa, na katika jambo hili unyevu wetu hauna sababu ya kuinamisha uso. Mama yake ni ziwa Nalubaale, ambalo ramani za Wazungu zaliita Victoria, na wajomba zake ni vinamasi vya mafunjo vilivyojaza mabonde yote baina ya vilima hivi kabla mtu hajafikiri kujenga duka Nakivubo. Mvua zake kubwa hushuka Machi hata Mei, za pili Septemba hata Novemba, na baina ya hizo hakuna mwezi uwezao kula yamini kwamba utapita mkavu. Ukoo huu haukufifia kwa uzee: Mei 1964 ziwa lilifikia mita 13.41 katika kipimo cha Jinja, wazee wakadhani hawataona tena jambo kama lile, na Mei 2020 likafika mita 13.42, likiipita alama ya kwanza kwa kiasi cha unene wa kidole, kana kwamba lilitaka tu kuonyesha kuwa halijasahau.

Sitaji hapa mafuriko ya Bwaise na Kalerwe, ambako maji ya Lubigi huingia bila simile, na watu huinua vizingiti kwa tofali na kumwaga kifusi sakafuni mwaka hata mwaka, mpaka dirisha likakaribia kuwa mlango. Hiyo ni balaa, na mwenye kuichezea kalamu hana haya. Ninaousifu mimi ni ule mtoto wa ukoo huo aliyestaarabika, apandaye vilimani na kufanya makazi kwa watu wenye hatimiliki.

Tazama adabu yake. Upepo na moto hupenda kushuhudiwa: kanisa la Namirembe liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, jingine la baadaye likateketezwa na radi mwaka 1910, na hili la matofali lilipokamilika mwaka 1919 hapakuwa na mtu mjini asiyejua kisa cha yale yaliyotangulia, na nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi ilipoungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, watu walilia barabarani na habari zikafika ncha za dunia. Unyevu hauna haja ya tarumbeta. Huingia kwa ufa usiopitisha ukucha, ukakaa miaka nyuma ya kabati la nguo, ukajifunza harufu ya kanzu za Idi na za harusi, na siku ujidhihirishapo haiundwi kamati, haifanywi harambee, wala haji waziri mwenye viatu vya mpira kupigwa picha. Mwenye nyumba huubeba peke yake, kimya, kama mtu aliyeambiwa siri.

Fadhila yake kubwa zaidi ni ukweli. Nyumba za mtaa wetu zilijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi katika miaka ya kabla na baada ya reli kuufikia mji mwaka 1931, nao wakaandika juu ya nyuso zake, kwa lipu iliyotokeza, mwaka na jina la familia. Kisha ikaja Agosti 1972, Idi Amin akawapa siku tisini, na nyumba zikabaki mikononi mwa bodi ya kutunza mali za walioondoka, na kwa wakazi waliofuatana, askari, makarani, wajane, wachuuzi, kila mmoja akijiona mpita njia. Maana mtu hazibui mlizamu wa nyumba asiyojua kama ataiamkia. Sheria ya mwaka 1982 iliwafungulia wenyewe njia ya kurudishiwa, na wengi walizipata katika miaka ya tisini, wengine wakazipokea kwa barua, wakauza bila kuziona tena. Katika hayo yote karatasi zilipotea na nyingine zikazaliwa upya, ila unyevu haukupoteza hata ukurasa. Fundi alipogonga ukuta wa chumba changu cha nyuma kwa patasi, palianguka gamba la ukubwa wa sahani, na kwenye ukingo wake zikaonekana rangi zikiwa zimelaliana: maziwa, chini yake buluu, chini yake kile kijani cha ofisi za serikali, chini yake waridi iliyofifia, na mwisho chokaa nyeupe iliyotiwa na mtu aliyedhani kwamba wajukuu wake wangezaliwa humo. Hakuna masijala mjini iliyoandika mfululizo wa wakazi kwa uaminifu kama huo.

Wajenzi wa wakati ule, nao wana sehemu yao katika sifa hizi. Walipenda uso wa nyumba uwe mrefu na mnyofu, wakalificha paa nyuma ya ukuta wa mbele, na nyuma ya ukuta huo wakalaza mfereji wa bati usioonekana na mtu wa chini wala wa juu. Wanaoujua ni kaloli, wale korongo wenye vipara ambao Kampala imewapa uraia bila maombi: huketi juu ya ukuta kama mahakimu wastaafu, wakadondosha humo mifupa, vijiti, manyoya na mengine ambayo adabu hainiruhusu kuyataja, majani ya fenesi yakaongezeka juu yake, na mvua ya Aprili ikikuta mfereji umejaa haina budi kutafuta njia ya ndani, ambayo ni dari.

Sasa nifike penye gharama, maana wako wanaoitaja kana kwamba ndiyo aibu ya unyevu, nami naiona kuwa ndiyo hisani yake. Mtu huita fundi kwa ajili ya doa moja la rangi ya chai, lisilozidi upana wa sinia. Fundi huja, huvua kofia, hulitazama doa kwa taadhima, kisha huomba ngazi. Akiwa juu hushusha habari kidogokidogo, kama mtu apelekaye taarifa ya msiba: vigae vitatu vimepasuka, kenchi iliyo chini ya vigae hivyo imelika, kwa kuwa mchwa hupenda mbao iliyolainishwa, mbao za dari zilizoshikamana na kenchi hiyo nazo zimekwisha, na nyaya za umeme zilizopita juu ya dari zimevuliwa nguo na panya. “Mzee,” aliniambia wangu, akiwa bado juu na nusu yake haionekani, “hapa tumefika mlangoni tu.” Vigae vya Mangalore haviuzwi tena dukani, sharti vitafutwe kwa wavunjaji wa majumba, ambao wamekwisha jua thamani ya kitu ambacho mtu hawezi kukikosa, vile vya Kajjansi, ambako kiwanda cha Uganda Clays kimechoma udongo tangu mwaka 1950, ni vigae vyema, lakini mifuo yake haikuapa kupatana na mifuo ya ng'ambo. Mbao ni za Ndeeba, na kila safari ya Ndeeba ina nauli yake. Ndipo huandikwa ile karatasi, ambayo mstari wake wa mwisho, baada ya misumari na rangi na chai ya vibarua, ni neno “mengineyo”, nalo aghalabu hushinda kenchi kwa bei.

Huo ndio ukarimu. Doa moja limelisha fundi, vibarua wawili, mchana mbao, mwenye bodaboda, muuza rangi na mamalishe wa kona. Na kwa kuwa malipo yote ya bima nchini hayafikii asilimia moja ya pato la taifa, fedha hizo hazipotei katika safari ya kwenda na kurudi kwenye ofisi zenye viyoyozi. Hutoka mfukoni mwa mwenye nyumba moja kwa moja, zikiwa bado na joto. Nasikia Ulaya na Marekani wako watu waingiao nyumba iliyolowa na mashine za kuvuta unyevu hewani, na vipimo vya kuchomeka ukutani, kisha bili ikapelekwa kwa kampuni. Sisi hutoa magodoro juani, tukaweka jiko la mkaa katikati ya chumba, madirisha wazi, na jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Lakini mahali ambapo unyevu hudhihirisha insafu yake ni katika kuta za chini. Nyumba iliyochimbiwa ubavuni mwa kilima hubeba mgongoni maji yote ya mteremko, na matofali ya kuchoma, kama hayakulazwa juu ya tabaka la kuyazuia, huyanyonya na kuyapandisha. Lipu ya chokaa ilikuwa ikiyaacha yatoke, ukuta ukipumua. Mwenye nyumba wa siku hizi, akiona chumvi nyeupe zimechanua juu ya sakafu, huibandua chokaa, hupiga simenti, juu yake hupaka rangi ya mafuta ing'aayo, na kwa mwaka mmoja huwapitisha wageni ukumbini kwa fahari. Maji hayakuondoka. Yamezibiwa mlango wa chini, basi hupanda ghorofa, kwa kusema, na mwaka wa pili chumvi huchanua kwenye usawa wa kiuno, mwaka wa tatu usawa wa kifua, na kila safari simenti huongezwa juu kidogo na bili nayo ikapanda pamoja nayo. Dawa yenyewe ni handaki nyuma ya nyumba, lenye mawe na bomba lililotobolewa, la kuyapokea maji ya kilima kabla hayajaufikia ukuta; kazi ya sururu na siku chache za vibarua. Nimewashauri watatu katika mtaa wetu, na wote watatu wamepaka rangi. Handaki haliwezi kuonyeshwa kwa wakwe. Mimi mwenyewe naamini kwamba sehemu kubwa ya fedha izikwayo katika nyumba hizi haikulipwa kuukomesha unyevu, imelipwa ili usionekane, na unyevu, ambao hauli rushwa ya rangi, hupokea kila shilingi na kurudi palepale kuidai nyingine.

Mtu atakayenunua nyumba Kampala ya Zamani, au hata Kololo kwenye vigae na bustani, asijipeleke kuitazama Januari, wakati ukuta wowote waweza kupita kwa mchamungu. Aende wiki ya mwisho ya Aprili, asubuhi iliyofuata mvua ya usiku, asogeze kabati, agonge lipu kwa kifundo cha kidole asikilize palipo na utupu, na ainuse rangi kama ni mpya kuliko kumbukumbu ya jirani. Nimejaribu hilo kwa niaba ya shemeji yangu. Dalali alitupokea kwa bashasha, akatutajia bei, akatusifia mandhari, na tulipomwomba atufungulie akasema kwamba mwenye ufunguo amekwenda kijijini, naye hatarudi kabla ya Julai.