Tuonyesheni Mchoro Kabla ya Lami

Mxiii! Jamani, hivi lile bango la mradi pale kona ya genge mmelisoma? Limeandikwa jina la mkandarasi, jina la mhandisi mshauri, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na gharama yote mpaka senti. Haya, unene wa lami je? Hakuna. Mtaro utapita upande gani? Hakuna. Matuta yatakaa wapi, na watoto wa shule watavukia wapi? Hakuna.

Kijana wa bodaboda akadakia: "Mzee, shukuruni lami inakuja. Mambo ya michoro waachieni wahandisi." Hapo kijiwe kikawaka. Hata wacheza drafti waliacha kete zao.

Mwanangu, hiyo lami hatupewi sadaka. Kila lita ya petroli unayotia kwenye pikipiki yako ina tozo ya barabara ndani yake. Julai 2021 tukaongezewa shilingi 100 kwa lita, tukaambiwa ni kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, yaani hizi hizi zinazopita mlangoni kwetu. Unalipa wewe, na mama muuza genge analipa kila anapokodi kirikuu kumletea nyanya kutoka soko la Ilala. Mtu aliyelipa anauliza, na anastahili kujibiwa.

Mkutano wa mtaa ulifanyika, hilo nalikubali. Lakini tuliitwa kuambiwa nini? Kwamba wenye vibanda vilivyoingia hifadhi ya barabara wavitoe. Basi! Aliyevunjiwa kibanda chake ana haki ya kujua ardhi ile inakwenda kuwa mtaro, njia ya waenda kwa miguu, au maegesho ya malori.

Mimi naanza na maji, kwa sababu maji ndiyo yanayoua lami. Watu wanatazama weusi wa juu wanafurahi, kumbe nguvu ya barabara iko chini: udongo ulioshindiliwa, kifusi kikashindiliwa tena, kokoto, ndipo lami. Maji yakikosa njia yanatuama kandokando, yanapenya chini, tabaka zinalegea. Gari la mchanga likipita mara mbili tatu, lami inabonyea, inapasuka, shimo. Masika moja tu! Halafu wanakuja watu wa kuziba viraka, na kiraka chenyewe kinamwagiwa juu ya tope lile lile. Tunaouliza kuhusu mtaro na kalavati hatutafuti ugomvi na mkandarasi. Tunataka barabara iishi.

Na bomba la maji? Kama linatakiwa kuvushwa, livushwe sasa. Inauma kuona lami ya mwezi mmoja ikikatwa kwa sululu, mfereji ukafukiwa kwa mchanga na kuachwa hivyo. Ofisi ya maji na ofisi ya barabara hazikuweza kukaa meza moja kabla ya kazi kuanza?

Tena kuna kitu kinaitwa kipindi cha matazamio. Kazi ikishakabidhiwa, mkandarasi anabaki na wajibu wa kurekebisha kasoro zake kwa muda ulioandikwa kwenye mkataba, mara nyingi mwaka mmoja. Sisi wakazi tungejua siku kinapoanza na siku kinapokwisha, tungeripoti ufa ungali mdogo. Tusipojua, muda unapita, na gharama inarudi kwetu sisi sisi.

Mama wa vitumbua ndiye aliyesema neno lililonikaa kifuani. "Kaka yangu, mashimo yananichosha, lakini mashimo hayo ndiyo yanayowapunguza mwendo hawa madereva. Lami ikiisha, nani atawapunguza?"

Tafakarini hapo. Leo gari linatambaa mbele ya geti la shule. Kesho, foleni ikishika barabara kuu, madereva wote watajua kwetu kuna njia ya mkato. Sheria inasema mwisho kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, sawa, lakini kibao peke yake hakimsimamishi mtu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba gari likipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa, hatari ya kumuua mtembea kwa miguu linayemgonga inaongezeka mara nne na nusu. Ni kilomita 15 tu, dereva hata hazisikii mguuni. Na ajali za barabarani ndizo zinazoongoza duniani kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Hao ni wanafunzi wetu, na ni wewe kijana wa boda unayesema tuwaachie wahandisi.

Hatuombi muujiza. Hapa hapa Dar es Salaam shirika la Amend limefanya kazi hiyo kwenye shule za msingi: wanaangalia kwanza watoto wanapita na kuvuka wapi, ndipo yanakuja matuta, vivuko na njia za pembeni. Mpango wao, SARSAI, ulishinda tuzo ya kimataifa ya WRI Ross mwaka 2019. Dunia imeisifu kazi iliyofanyika jijini kwetu, na sisi tunajengewa barabara bila kuulizwa mtoto anavukia wapi!

Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi nafasi ya kuomba, na ofisi iliyoombwa ina siku 30 za kujibu. Kwa hiyo tumekubaliana: manung'uniko ya kijiweni yaingie kwenye karatasi. Mwalimu mstaafu ameshaandika barua. Tunaomba mchoro ubandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, ukionyesha mtaro, matuta na kivuko cha shule, pamoja na unene wa kila tabaka na tarehe za matazamio. Tumeomba pia mhandisi aje atembee nasi asubuhi, saa moja kasoro, watoto wanapoingia shule, aone kwa macho yake.

Kijana wa boda ametia sahihi, ya tatu kutoka juu. Greda liko mtaa wa pili. Haya, nani bado?