Namna ya Kusikiliza Kanda Iliyouzwa Kwenye Buti la Gari

Umepata kanda ya kwanza, na pengine ya mwisho, ya kundi la gangsta rap la vijana wa Memphis, Tennessee, la miaka ya 1990. Jalada ni fotokopi. Ukiicheza, unasikia mvumo kama mvua juu ya bati kabla hujamsikia mtu. Usiitupe. Fuata hatua hizi.

1. Usiusafishe mvumo. Wengi walirekodi nyumbani kwa mashine kama Portastudio ya Tascam, iliyotoka mwaka 1979 na kugawa kaseti ya kawaida katika njia nne. Njia tatu zikijaa, sauti zake zilibanwa kwenye ile moja iliyobaki, na kila kubana kuliongeza mvumo. Kisha mtu akaidabu, na mwingine akaidabu nakala ya yule. Unachosikia ni hesabu ya mikono iliyoipitisha.

2. Tafuta gari. Kanda hizi ziliuzwa mkononi, kwenye buti la gari na hata katika maduka ya redio za magari. Mdundo wake mzito ni wa mashine ya midundo ya Roland TR-808, iliyotengenezwa kati ya 1980 na 1983, ambayo baadaye ilinunuliwa kwa bei ya chini kama mtumba. Spika ya simu haiwezi kuubeba. Muombe dereva mwenye spika kubwa, ukae kiti cha nyuma.

3. Fungua ramani. Vijana hao watataja Orange Mound, mtaa wa Memphis ulioanzishwa mwaka 1890 ili Wamarekani weusi wanunue viwanja na kujenga nyumba zao wenyewe. Watataja Whitehaven, mtaa mwingine wa mji huo. Aliyewahi kusikia majigambo ataelewa upesi: kijana hutaja kwao kwanza, ndipo ajitaje yeye.

4. Usimeze kila kitu. Humo mna matusi kwa wanawake na sifa za bunduki. Yakatae waziwazi. Kuipenda kanda si kuitikia kila neno lake.

5. Usingoje wawe maarufu ndipo uwaheshimu. Three 6 Mafia, kundi la Memphis, walianza kwa kanda kama hizi, wakatoa albamu ya Mystic Stylez mwaka 1995, na mwaka 2006 wakapewa Oscar kwa wimbo wa filamu ya Hustle & Flow. Wenzao wengi waliishia kwenye kanda moja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawa hawakusifiwa na mtu, na tembo lao bado ni kali. Walirekodi kwa kuwa walikuwa na la kusema, na mtaa wao ulitosha kuwa ulimwengu wa kuwasikiliza.

6. Ikiisha, irudishe nyuma kwa kalamu, idabu mara moja, umpe mtu. Mvumo utaongezeka kidogo. Ndivyo ilivyokufikia wewe.