Nyati Mwenyekiti

Hapo kale, yaani mwaka 1974, ilitangazwa katika Kreta ya Ngorongoro kwamba Ng'ombe na wachungaji wake wa Kimaasai wameondolewa bondeni ili nyasi zipumzike. Nyumbu alishangilia kuliko wote. "Sasa tutakula mpaka tuvimbiwe," aliwaambia wanawe.

Nyasi zikapumzika kweli. Zilipumzika hadi zikamfika Swala Tomi masikioni. Zamani ng'ombe walizipunguza, wachungaji wakachoma zilizozeeka, na mvua ikinyesha zilichipua majani mororo. Sasa mashina yalikomaa yakawa kama fito za kujengea. Ukoka, ambaye hutambaa chini na hadai kitu ila jua, alifunikwa akanyong'onyea kimyakimya. Nani anamwalika ukoka kikaoni?

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Nyumbu alisimama, "tumbo langu halisagi fito."

"Mbona langu linasaga?" alijibu Nyati.

Na lilisaga haswa. Mdomo mpana, tumbo kubwa, subira ya kucheua: majani magumu ndiyo yaliyomnenepesha. Zamani alionekana bondeni kwa nadra. Sasa ukoo wake ulikuwa maelfu, na kiti cha Kamati ya Malisho kilikuwa chake. Kila Nyumbu alipoleta hoja, iliundwa kamati ndogo. Nyumbu wakazidi kupungua. Kumbukumbu za kikao ziliandika: "Akidi imetimia."

Ndani ya majani marefu alinenepa na Kupe pia, ila huyo hakugombea cheo. Ukame wa mwaka 2000 ulipoingia, nyati wenyewe walikufa kwa mamia, na kwenye vipara vilivyobaki yakaota magugu ya maua ya manjano na zambarau. Hakuna mnyama aliyeyatia mdomoni. Watalii waliyapiga picha.

Mwaka 2001 kamati iligundua jambo jipya: nyasi kuukuu zinafaa kuchomwa. Moto akaitwa tena, safari hii kama mtaalamu mwelekezi, na posho juu.

Ng'ombe alizipata habari hizo alipokuwa anashuka kulamba magadi. Aliruhusiwa hilo, mradi jioni awe amekwisha kupanda. Akabisha hodi kamatini.

"Na ile kazi niliyokuwa nikiifanya bure, wazee wangu?"

"Andika barua," aliambiwa. "Ipitishie kwa Nyati."

Akaandika. Nyati aliisoma yote, akaisifu kwa lugha yake nzuri, kisha akaila.