Mkono wa Mlango Ukabaki Mkononi

Siku ya harusi ya binamu yangu, mbele ya kanisa moja la Himbi, nilivuta mlango wa gari ukakataa kuja. Ulikuja mkono wake tu. Nikasimama nimeushika kama mtu aliyemsalimia marehemu. Mvua ilikuwa inaanza, wakwe wapya wamejipanga kwenye ngazi wakingoja kubebwa, na mimi na suti yangu ya kuazima ikabidi tuzunguke, tuingie kwa mlango wa abiria, tutambae juu ya gia hadi kwenye volani. Sehemu ya mwili wangu waliyoiona wakwe kwanza haikuwa uso.

Gari lenyewe ni la Kijapani, la mwaka 1997. Kama ndugu zake wengi hapa Goma, lilimaliza ujana wake huko kwao kisha likatuletea uzee. Volani iko kulia, na Kongo tunaendesha kulia, kwa hiyo dereva anakaa upande wa mfereji. Ukitaka kulipita lori, lazima umuulize abiria kama mbele kuko salama. Ndiyo maana simbebi mtu anayenidai.

Kesho yake nikaupeleka ule mkono Birere kwa fundi wangu. Aliupindua mara mbili, akapuliza vumbi, akatoa hukumu.

“Papa, iyi haikuvunjika. Imechoka.”

Nilicheka, lakini kijana alikuwa sawa. Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli, na kila siku jua, joto na hewa vinaikatakata mpaka siku moja unashika kitu kilichobaki na umbo tu. Sisi watu wa Goma baridi yetu inatudanganya. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hatua chache kusini mwa ikweta, na jua la huku linatufikia kupitia hewa nyepesi, likiwa bado na ukali wake mwingi. Wewe umevaa jaketi, dashibodi inaungua. Ongeza barabara zetu, ambazo volkano yetu ya Nyiragongo ilizitandikia mawe mwaka 2002 bila kuulizwa, na kila kibanio cha gari kinatikiswa kama njugu kwenye kikaango.

Fundi akanipatia mkono wa okazioni, uliotolewa kwenye gari lililokwisha kufa. Gari langu ni la kijivu. Mkono ni mwekundu. Hakuna tena anayeniuliza gari langu ni lipi.

Nikadhani msiba umekwisha, kumbe ulikuwa wa ukoo mzima. Wiki hiyo hiyo kijiti cha waipa kilivunjika nikiwa natafuta taa. Kisha kitufe cha dirisha kikazama mlangoni na hakijaonekana mpaka leo. Mtoto wangu wa mwisho alifunga kisanduku cha mbele kwa nguvu ya mtoto wa miaka sita, kikamwangukia mama yake magotini pamoja na karatasi zote za gari, zikiwemo zilizokwisha muda. Nikatunga sheria: ndani ya gari hili hakuna anayegusa kitu ila mimi. Mama watoto akasema ndivyo anavyokaa kwa mama mkwe siku zote, amezoea.

Hapa lazima nimtaje Mbelgiji mmoja. Wabelgiji tunawadai mengi, na hili nalo liandikwe: mwaka 1907, mwaka mmoja kabla ya Mfalme Leopold kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji, Leo Baekeland, mzaliwa wa Gent, alitengeneza huko Marekani bakelaiti, plastiki ya kwanza kutoka kwenye kemikali tupu. Walioendeleza kazi yake wakatuachia fumbo. Mfuko wa sukari unaotupwa ziwani unaelea mpaka Bukavu, unaziba mitambo ya umeme ya Ruzizi, hauozi, hauzeeki, una afya kuliko mimi. Lakini mkono wa mlango, uliotengenezwa na mainjinia wenye digrii, hauwezi kufika harusini.

Kisha ikaja zamu ya bampa, ambayo sisi tunaiita parshoki. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni karibu na rondipointi Signers, chukudu, skuta yetu ya mti, ikateremka imebeba magunia matatu ya makaa, dereva wake ameweka goti, kandambili ndiyo breki. Ilinigusa. Nasema ilinigusa, haikunigonga. Parshoki ikafunguka yote, ikalala barabarani kama ulimi. Nikashuka, kwa mlango wa abiria kwa mazoea, nikaikagua chukudu. Ni mti mtupu, ina mpira wa tairi kuukuu kwenye magurudumu, haikuwa hata na mkwaruzo. Yule kijana aliniangalia kwa huruma.

“Pole, Papa. Leta nikubebee mpaka garaji. Franga elfu mbili tu.”

Nikalipa. Parshoki yangu ikapita katikati ya mji juu ya makaa, mimi nikiifuata nyuma kwa gari kama katika mazishi.

Fundi aliikuta nyuma yake imeandikwa herufi mbili, PP. Hilo ni jina la plastiki yenyewe, polipropilini. Yeye alisoma “pièce périmée”, yaani kipuri kilichokwisha muda, na kwa hali niliyoiona sikubishana. Alikata kipande cha dumu la njano, tunaloliita bido, akakiyeyusha kwa msumari uliotiwa moto kwenye makaa, akaziba ufa. Kikabanduka kabla hakijapoa, maana plastiki ya bido na ya parshoki haziungani, kama wake wenza. Basi akatoboa matundu na kuishona kwa waya. Sasa gari langu lina mshono kuanzia taa hadi taa, na watoto wa mtaani wanaliuliza kama lilizaa kwa operesheni.

Radieta ilisubiri mpaka Jumapili. Zile za zamani za shaba, fundi alikuwa anazichomelea kwa risasi, unakwenda zako miaka kumi. Yangu ina kichwa cha nailoni kilichobanwa juu ya alumini, na baada ya robo karne ya kuchemka na kupoa, kikapasuka kwa sauti ya chupa ya bia ya Primus inayofunguliwa. Moshi ulivyopanda, mwanamke mmoja aliyekuwa anauza ndizi alitazama kwanza upande wa Nyiragongo. Hapa kila moshi unaanza kuulizwa huko.

Fundi alifika kwa pikipiki. Akaukwangua ufa, akamwagia gundi, akanyunyizia jivu laini, akaongeza gundi, akazungushia waya, akaupiga kofi la kirafiki. Maji hayakutoka. Tuliangalia dakika kumi nzima, hayakutoka.

Nikampa noti ya dola ishirini. Aliinyoosha, akaiinua juani, akaipitisha kidole ukingoni polepole. Pembeni palikuwa na mpasuko mfupi kuliko mguu wa sisimizi. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

“Papa, iyi imepasuka. Batu habatakubali.”

Nikamuuliza kama ile gundi imebaki.