Mazoezi Tu

Mwaka 1964 mpiga gitaa wa NUTA Jazz alikuwa mwajiriwa wa chama cha wafanyakazi. Vyombo vya mwajiri. Leo bwana mdogo wa Kariakoo ana bendi nzima ndani ya kompyuta: gitaa lisilo na nyuzi, drams zisizo na ngozi, besi ambayo, isingekuwa hedifoni, ingetikisa hadi kivukoni Magogoni. Muziki mzito, anaubuni papo hapo hadi alfajiri. Shoo lini? “Mazoezi tu, braza.”

Mburahati, studioni kwa prodyuza Sisso, kompyuta imezaa singeli ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Kampala ikaitolea albamu. Huyu wetu bado anachagua mlio wa gitaa. Heri yake, bendi yake haidai posho.