Heko, Karasha la Jirani

Washairi wamesifu mwezi, wapenzi wamesifu macho, na wazazi wa Kanda ya Ziwa hawachoki kusifu shule za bweni zenye ukimya wa makaburini. Leo ni zamu ya karasha: lile pipa la chuma lenye gololi tumboni, linalosaga mawe ya dhahabu usiku kucha na kutikisa mabati ya majirani. Hulaaniwa na kila aliyelala karibu yake. Mimi nalishukuru, maana lilinifundisha kupanga masomo, kazi iliyowashinda walimu wawili wa taaluma.

Nilitoka Shinyanga mjini kwenda kumalizia kidato cha nne kwa mjomba, Nyarugusu, mkoani Geita. Kwenye begi nilibeba ratiba, na ratiba ile, jamani, ilipendeza! Karatasi ya manila, kalamu za rangi tatu, mistari ya rula: saa 10 alfajiri Hisabati, saa 11 Kemia, saa 12 kuoga. Niliibandika ukutani kwa uji mzito. Siku mbili niliifuata. Siku ya tatu nilibaki kuitazama kama mtu anavyotazama picha ya harusi ya wengine.

Nyuma ya ukuta huohuo ndipo lilipokaa karasha.

“Mjomba, kwa kelele hizi nitasomaje?”

“Mjomba,” naye akanijibu, maana jina hilo huenda na kurudi, “lile nalo linasoma. Lisikilize linavyosoma.”

Nikatoka nje nikaliangalia. Jambo la kwanza, halichanganyi. Babu wa zamu, penseli sikioni, aliandika kwenye daftari lake: jina, idadi ya viroba, saa ya kuingia. Aliyechelewa alikaa foleni hata kama amekuja na pikipiki mpya. Na kabla ya mzigo wa pili kuingia, pipa lilifunguliwa likakung’utwa mpaka vumbi la mwisho, kwa sababu dhahabu ya huyu ikitokea kwenye unga wa yule, usiku hauishi salama. Mimi nilikuwa nasoma Historia huku Fizikia ikiwa mapajani, na simu juu ya zote mbili. Kesho yake nikanunua kaunta buku, nikaiga foleni ya babu: topiki, siku iliyoingia, siku iliyotoka. Mzigo mmoja, topiki moja. Karasha likinguruma, nasaga. Likizimwa kubadilishiwa mzigo, nanyoosha miguu, natafuna michembe, narudi kitini.

Jambo la pili ni usingizi. Wenzangu waliokuwa wakipiga msuli bwenini waliloweka miguu kwenye beseni la maji baridi ili wasisinzie. Mimi beseni la nini? Kitanda changu chenyewe kilikuwa kikitembea. Saa 9 usiku nilikuwa macho, mkakamavu kama askari wa lindo, nikikokotoa logi kwa mdundo wa gololi.

Lakini sifa kuu ya karasha ni marudio. Msomaji wa Dar es Salaam akisikia neno hilo huwaza daftari. Wa Nyarugusu huwaza kifusi cha mchanga. Jiwe likishasagwa, unga hupitishwa mwaloni kwa maji, kisha zebaki hunasa dhahabu, na mwenye jiwe huondoka akipiga mluzi. Mchanga uliobaki ndio marudio, na mara nyingi mwenye karasha hujibakizia. Watu humwona kama mtu anayekusanya uchafu. Kumbe zebaki huacha dhahabu nyingi nyuma, pengine zaidi ya nusu, na mchanga ule ukipelekwa kuchenjuliwa upya kwa sayanaidi, aliyedharauliwa ndiye hujenga ghorofa. Mimi nilikuwa mwenye jiwe: nasoma topiki mara moja, napiga mluzi. Tangu hapo kila karatasi ya jaribio yenye wino mwekundu niliirudisha kwenye foleni. Hata Serikali inajua thamani ya marudio: matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambayo yaliwapa sifuri zaidi ya nusu ya watahiniwa, yalifutwa mwaka 2013 na kupangwa upya. Mchanga uleule ukatoa dhahabu.

Karasha lina washtaki wake, nao si waongo. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Nami nilikuwa na rafiki ambaye jina lake lilianza kuonekana kwenye daftari la babu wakati lilipoanza kupotea kwenye daftari la mahudhurio. Alikwenda na viroba viwili, akasema atarudi baada ya mzigo mmoja. Kwa hiyo sifa zangu zina mpaka, na mpaka wenyewe ni ukuta: karasha ni mwalimu kwa aliye upande wa meza. Ukivuka, wewe ndiwe jiwe.

Wiki moja kabla ya mtihani wa Novemba, mkanda wa karasha ukakatika. Ukimya nilioulilia mwaka mzima ukashuka kama shuka safi. Nikafungua Biolojia kwa furaha, nikasoma mstari wa kwanza, nikaamka saa 3 asubuhi, mchoro wa figo umechapwa shavuni. Sikunawa. Nilikwenda moja kwa moja hadi nyuma ya ukuta.

“Shikamoo, babu. Fundi wa mkanda anakuja lini?”